Mashine ya presha ikiwa nyumbani: lipi la kujijaribia na lipi la kuacha

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Tanga, nina miaka 62. Mwaka jana niliambiwa nina presha, nikaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5. Mwanangu amenitumia mashine ya kupimia. Nimeanza kunywa juisi ya rozela kila siku, na wiki iliyopita niliacha vidonge kwa siku tatu ili nione itakuwaje. Presha ilibaki 132 kwa 80. Je, sijathibitisha mwenyewe kwamba rozela inanitosha?

JIBU: Mwalimu, kujipima na kuandika namba ni jambo jema, usiliache. Mgonjwa anayepimwa siku ya kliniki tu huona picha moja ya mwezi mzima, tena iliyopigwa baada ya kubanana kwenye daladala na kukaa foleni. Wapo ambao presha yao hupanda mbele ya koti jeupe ikashuka wakifika nyumbani, na wapo wa kinyume chake. Lakini hitimisho lako silikubali. Tatizo haliko kwenye mashine wala kwenye rozela, liko kwenye zile siku tatu. Amlodipini ni dawa inayokaa mwilini muda mrefu: kiwango chake katika damu huchukua kati ya saa 30 na 50 kupungua kwa nusu. Kwa hiyo baada ya saa 72 ulikuwa bado na moja ya tano, pengine zaidi ya theluthi, ya dawa uliyokuwa nayo ulipomeza kidonge cha mwisho, na presha yenyewe hairudi juu kwa siku moja, hupanda polepole kadiri dawa inavyoisha. Ile 132 kwa 80 ilikuwa bado kazi ya kidonge, angalau kwa sehemu kubwa, na jaribio lako halikuwa na njia ya kukuonyesha hivyo.

Rozela nayo isidharauliwe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwachukua watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa juu kiasi na hawakuwa wakitumia dawa. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki 6 walishuka namba ya juu kwa wastani wa 7 hivi; waliopewa kinywaji cha kufanana nacho kisicho na rozela walishuka kwa 1 hivi. Si haba. Ila kundi lilikuwa dogo, muda mfupi, hakuna aliyeanza na namba ya juu iliyozidi 150, na hakuna aliyefuatiliwa miaka kumi kuona kama aliepuka kiharusi. Tena ile ilikuwa chai, si juisi ya mtaani iliyomiminiwa sukari bila huruma. Ukiipenda, inywe bila sukari pamoja na kidonge, na umwambie daktari wako kwamba unaitumia.

Najua jibu linalokuja: kila mwili una mambo yake, na utafiti wa watu 65 wa Marekani haunijui mimi wa Tanga. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu ya kujipima. Lakini mwili hujibu maswali ya aina fulani tu. Hujibu vizuri ukiuliza jambo linalobadilika ndani ya siku au wiki, linalopimika, na linaloweza kurudishwa lilivyokuwa ukikosea. Huko London, watafiti wa Imperial College waliwachukua watu 60 walioacha statini, dawa za kupunguza lehemu, kwa sababu ya maumivu na usumbufu mwingine. Kila mmoja alijaribiwa peke yake kwa mwaka: miezi minne ya dawa halisi, minne ya vidonge bandia, na minne bila kidonge chochote, bila mpangilio wa kubashirika, huku akiandika anavyojisikia kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Kama asilimia 90 ya usumbufu uliotokea kwenye dawa ulitokea pia kwenye vidonge bandia. Nusu ya washiriki, walipoonyeshwa rekodi zao wenyewe, walirudi kwenye dawa. Hilo ni jaribio la mtu mmoja mmoja lililofanywa sawasawa, na lilifanikiwa kwa sababu lilimpa mhusika nafasi ya kuona kwamba amekosea.

Sasa linganisha na swali la "nikiacha dawa nitapata kiharusi?" Jibu lake huchukua miaka, na likija halirudi nyuma. Figo na mishipa ya macho huharibika kimyakimya huku mtu anasema najisikia vizuri. Swali la namna hiyo hujibiwa na maelfu ya watu waliofuatiliwa kwa muda mrefu, na limekwishajibiwa: kushusha presha hupunguza kiharusi na magonjwa ya moyo. Ndiyo maana pia siwezi kutegemea ushuhuda wa jirani. Mtu huanza tiba mpya siku namba ilipomtisha, na presha iliyopaa siku moja mara nyingi hushuka siku zinazofuata hata kama angekunywa maji matupu. Mwaka 2011 maelfu walipanda hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na shuhuda zilikuja haraka. Aliyeacha dawa akafa hakupata nafasi ya kushuhudia.

Wapo madaktari watakaosema basi mgonjwa ameze dawa alizoandikiwa, mengine awaachie wao. Hao nao siwaungi mkono. Mwaka 1969 Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani mwenye kisukari tangu utotoni, alitaka mashine ya kupima sukari ambayo wakati huo iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Aliipata kupitia mkewe, ambaye alikuwa daktari. Akawa anajipima mara kadhaa kwa siku, anabadilisha chakula na kipimo cha insulini kidogo kidogo, anaandika, anapima tena. Wataalamu wengi hawakumsikiliza, akaenda kusomea udaktari akiwa na zaidi ya miaka 40. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa watu 1,441 ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu hupunguza sana madhara ya macho, figo na neva. Angalia, hata hivyo, kwamba Bernstein hakuacha insulini ili aone itakuwaje. Kwa presha, Uingereza walifika mbali zaidi: katika utafiti wa mwaka 2010 wenye wagonjwa 527, kundi moja lilijipima nyumbani na kujiongezea dawa lenyewe kwa mpango waliokubaliana na daktari mapema. Baada ya mwaka namba yao ya juu ilikuwa imeshuka kwa takriban 5 zaidi ya waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Mgonjwa anaweza kushika usukani, mradi mpango uwe umeandikwa kabla ya namba kuonekana.

Kwa hiyo rudi kwenye kidonge leo, kipimo kilekile, na ukitaka kujijaribia, anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye ng'onda, viungo vya pakiti na mkate. Magadi ya kwenye maharage nayo yana sodiamu. Kula kama kawaida yako wiki moja ukijipima, kisha punguza chumvi kwa wiki nne bila kubadilisha kitu kingine. Pima asubuhi kabla ya kidonge na jioni: kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, na andika zote mbili, hata ile usiyoipenda. Linganisha wastani wa wiki, si namba ya siku moja. Mtafiti angekutaka urudie chumvi ili upate uhakika zaidi. Mimi sikushauri, maana faida ya kuipunguza inajulikana tayari.

Wastani wa nyumbani ukibaki chini ya 135 kwa 85, peleka daftari kliniki, useme wazi kwamba uliacha dawa siku tatu, na uulize kama kipimo kinaweza kupunguzwa. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, pumzika dakika chache upime tena. Ikibaki hapo, muone daktari siku hiyohiyo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, weka daftari chini uende hospitali saa hiyohiyo.