Dirk: kufeli siyo mwisho

Umewahi kufeli ukataka kuacha kila kitu? Mcheki Dirk Nowitzki, kijana wa Würzburg, Ujerumani. Mwaka 1998, akiwa na miaka 20, alijiunga na Dallas Mavericks ya Marekani kucheza mpira wa kikapu. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu: wastani wa pointi 8 tu kwa mechi. Hakuacha, akakazana na mazoezi.

Fainali ya 2006, Dallas waliongoza 2-0, wakafungwa na Miami Heat 4-2. Iliuma! Mwaka 2011 wakakutana tena, Dallas wakachukua ubingwa. Dirk alistaafu 2019: misimu 21, timu ileile.

Ila angalia: mechi ya nne ya 2011 alicheza na homa. Wewe usiige hilo! Ukiwa na homa, pumzika, nenda zahanati ukapime.

Jadilini: nani hukutia moyo unapofeli?