Mradi Una Mwanzo na Mwisho

Ndugu wananchi wa Nengo, mradi ni kazi yenye lengo moja, muda maalumu, bajeti na msimamizi anayejulikana. Doria zetu za mpakani hazina kikomo, hivyo si mradi. Kuchimba mtaro wa maji ya mvua ni mradi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini, na hapa Rubavu mto Sebeya ulifurika. Kwa hiyo, kabla ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tunawasihi mkubaliane: mtaro utaanzia wapi, utamwaga maji wapi, utakamilika lini, na nani atauzibua baada ya mradi kufungwa? Mtaro usio na mwangalizi huziba, na mvua haisubiri.