Nguva na Jamaa Zake: Mlango katika Kupanga Viumbe Hai

Tumeulizwa na baadhi ya wanafunzi: nguva ni samaki, ama si samaki? Muulizaji amesikia kwa watu wa ilimu ya maumbile kuwa nguva ni mnyama mwenye kunyonyesha, tena ni jamaa ya ndovu. Hapo akaingiwa na shaka, kwani ndovu haliwi katika madhehebu yetu ya Shafi, kwa ajili ya yale meno yake makubwa. Je, hukumu ya nguva nayo itageuka?

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa kupanga vitu ni kujibu swali. Mwenye duka hupanga nguo kwa bei zake, mshoni huzipanga kwa kitambaa chake, na mama wa nyumba huzipanga kwa wenye kuzivaa. Nguo ni zile zile, na hapana katika watatu hawa amkadhibishaye mwenziwe. Ubishi huzuka pale mtu achukuapo jibu la swali moja akalitia katika swali jingine.

Swali la mafakihi ni hili: chaliwa, ama hakiliwi? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaji kauli tatu juu ya wanyama wa bahari wasiokuwa samaki. Iliyo sahihi zaidi ni kuwa wote ni halali, vyovyote wafavyo. Ya pili ni kuwa hawaliwi. Ya tatu ni kuwa atazamwe mfano wake wa nchi kavu: ukiliwa huo, naye ataliwa; usipoliwa, naye haliwi. Kisha akawatenga wale waishio barani na baharini pamoja, kama chura na kaa, hao wakawa haramu. Angalia vyema, utaona humo njia tatu za kupanga: kwa makao, kwa umbo, na kwa mfano. Nasaba haimo hata moja. Na katika kisa cha jeshi la Abu Ubayda, alichokipokea Jabir, askari walimkuta ufuoni yule mnyama mkubwa aitwaye anbari, wakamla kwa siku nyingi. Na Waarabu walimwita huti, neno lililokusanya samaki na nyangumi pamoja.

Basi nguva, ambaye makao yake yote ni bahari wala hapandi pwani, yumo katika wanyama wa bahari, na hukumu yake haikugeuka, kwani haikujengwa juu ya nasaba. Lau ingejengwa juu yake tungepata taabu, maana jamaa wengine wa nguva ni pimbi, ambaye Waarabu humwita wabri, naye kwetu ni halali. Nguva angemfuata nani, ndovu ama pimbi?

Ama wenye ilimu ya maumbile, swali lao ni jingine: kiumbe huyu ametoka katika ukoo gani, na mwili wake una nini ndani? Aristotle wa Uyunani aliona zamani kuwa pomboo hupumua hewa na hunyonyesha. Mwanachuoni wetu Damiri, aliyefariki Misri mwaka 808 wa Hijra (1405), aliwapanga wanyama katika kitabu chake Hayatul Hayawani kwa herufi za majina yao. Tartibu nzuri kwa mwenye kutafuta, ijapokuwa huwaweka pamoja wasiofanana. Carl Linnaeus wa Uswidi aliwatia nyangumi katika samaki mwaka 1735, na mwaka 1758 akawatoa, akawatia katika wenye kunyonyesha. Nyangumi hawakubadilika katika miaka hiyo. Alama iliyotazamwa ndiyo iliyobadilika.

Haya, mtazame nguva kwa alama hizo. Hana matamvua, ana mapafu, na kila baada ya dakika chache hana budi kutoa pua juu ya maji. Chuchu zake mbili zi karibu na makwapa, kama za ndovu. Dume lake hutoa meno mawili ya mbele mfano wa pembe. Ndani ya kikono chake mna mifupa ya mkono na ya vidole, na katika nyama ya kiuno mna vifupa vya nyonga visivyoshika mguu wowote. Mkia wake hupiga juu na chini, kama ukunjikavyo mgongo wa mnyama akimbiaye. Papa na samaki wengine hupiga mkia kushoto na kulia. Umbo la nje limefanana kwa kuwa maji ni yale yale. Ya ndani yamehifadhi ukoo.

Hoja yao yenye nguvu ni mifupa ya kale. Mwaka 2001 ulielezwa mnyama wa ukoo wa nguva, aliyechimbuliwa Jamaica, wa kadiri ya miaka milioni 50, naye alikuwa na miguu minne yenye kuweza kumbeba nchi kavu, na mbavu zake zilikwisha kuwa nzito kama za nguva. Jamaa zake wengine wa kale wametolewa katika mawe ya jabali la Mukattam, penye mji wa Cairo, ambapo Damiri mwenyewe aliishi. Na wakiulizwa mguu ulipoteaje, husema: watoto wa wazazi wamoja hawazaliwi sawa. Mwenye mifupa mizito alizama kwa wepesi akala majani ya chini. Mwenye mkia wa nguvu aliogelea bila ya kutegemea miguu. Hao wakaishi na kuzaa zaidi, na vizazi vyao vikawarithi, hata baada ya vizazi visivyohesabika mguu ukatoweka. Darwin wa Uingereza aliieleza njia hii mwaka 1859. Na ajabu ni kuwa majani alayo nguva nayo si mwani. Ni mimea yenye maua na mizizi, ambayo asili yake pia ni nchi kavu. Mlaji na chakula chake wote wawili wameihamia bahari. Ama asili ya mwanadamu, hiyo ina mlango wake, wala hatukuufungua hapa.

Asije mtu akasema kuwa mpango huu wa pili hauna faida kwa mvuvi. Samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu. Nguva huzaa mtoto mmoja, baada ya mimba ya zaidi ya mwaka, na aghalabu hupita miaka mitatu hata saba kabla ya kuzaa tena. Jamaa yake mkubwa, wa urefu wa mita 8, alionekana na Georg Steller mwaka 1741 katika visiwa vya baridi kati ya Urusi na Marekani. Wawindaji wakamla, na kufikia mwaka 1768 hakubakia hata mmoja. Nguva wetu wa Lamu, na wa baina ya Rufiji, Mafia na Kilwa, wamesalia wachache mno, na sheria za Kenya na Tanzania zimekataza kuwaua. Uhalali wa nyama hauondoi katazo hilo, kama vile uhalali wa mbuzi haukupi mbuzi wa jirani.

Tena jarife humuua nguva kwa kuzama. Aliyedhani ni samaki, amkutapo hai wavuni, humwacha majini akisema maji ndiyo uhai wake, akaenda kutafuta kisu. Yampasa kwanza kuinua kichwa chake pua itoke juu, apate pumzi, kisha ndipo akate nyuzi za wavu.