Kikohozi cha Mtoto Mchanga

*Bwana Daktari, mwanangu wa miezi 5 anakohoa usiku, na pua imeziba. Mavyaa wangu ataka nimlambishe asali. Je, ni salama? — Mama, Pweto*

Mama mheshimiwa, hofu yako ina haki, lakini usifadhaike: aghalabu kikohozi cha mtoto mchanga huletwa na mafua, nacho ni njia ya mwili kusafisha koo. Mshukuru mavyaa wako kwa huruma yake. Ila asali, ijapokuwa tiba ya wakubwa tangu zamani, asipewe asiyetimiza mwaka 1, kwani huenda ikabeba vijidudu vyenye sumu ya kulegeza viungo. Dawa za kikohozi za dukani pia ziache.

Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Kabla ya kunyonya, mtie puani matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, umpanguse kamasi kwa kitambaa laini. Na umwepushe na moshi wa makaa na wa kukaushia samaki wa Ziwa Mweru.

Kisha, akiwa ametulia, mfunue kifua, uhesabu pumzi dakika nzima: zikifika 50, au nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani, au akikataa kunyonya, au midomo ikigeuka buluu, mpeleke kituo cha afya saa ile ile, usingoje alfajiri.