Neno "Stage" na Jamaa Zake katika Kiswahili: Mfano wa Steji ya Salama

Makala haya yanachunguza maana za neno la Kiingereza "stage" na namna Kiswahili kinavyozibeba. Mfano umetolewa katika soko la Salama, Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa.

Abiria anayekaribia Salama humwambia utingo, "Nishukishe steji." Hamaanishi jukwaa la maigizo wala hatua ya jambo, bali mahali ambapo matatu husimama. Kisarufi, neno hili limekwisha kuingia ngeli ya I-ZI (steji hii, steji hizi) na hupokea kiambishi cha mahali: stejini.

Je, matumizi haya ni upotoshaji? Historia ya neno yaonyesha vinginevyo. "Stage" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama. Enzi za magari ya kukokotwa na farasi, Waingereza walilitumia kutaja kituo cha safari na hata umbali kati ya kituo kimoja na kingine. Hivyo basi, utingo wa Salama anatumia maana kongwe. "Stesheni" nalo limetokana na kitenzi hicho hicho, na "stendi" ya Tanzania ni jamaa wa mbali.

Kiswahili hakina neno moja linalotosheleza maana zote hizi. Mwigizaji hupanda jukwaani. Mtoto hupitia hatua za ukuaji. Mradi huwa na awamu. Abiria hungoja kituoni. Likiwa kitenzi, tamthilia huigizwa, nayo maandamano hufanywa. Mfasiri asiyezingatia muktadha huweza kudhuru: saratani ya hatua ya nne ikiitwa ya "jukwaa la nne", mgonjwa hatatambua kwamba ugonjwa umekwisha kuenea mwilini.

Aidha, "kituo" lina upana wake. Limetokana na kutua, na katika ushairi hutaja mshororo wa mwisho wa ubeti, pale sauti inapotua.

Kwa kuhitimisha, "steji" lisipuuzwe, wala lisiruhusiwe kukifukuza "kituo". Mwanafunzi afundishwe yote mawili pamoja na mahali pa kila moja. Mfasiri naye aulize kwanza: ni nani anayesimama, na anasimama wapi?