Kuchagua Viza Sahihi ya Kuanzisha Biashara Nje ya Nchi

Somo hili linamhusu mwananchi anayekusudia kuanzisha biashara ugenini. Mifano yake imechukuliwa Machame, katika Wilaya ya Hai, mahali ambapo kahawa ya vihamba ilikuwa ikisafiri kwenda masoko ya dunia hata kabla ya KNCU kuanzishwa mwaka 1933. Siku hizi si kahawa pekee inayosafiri. Wapo wenye kahawa wanaotaka kuifuata hadi inakonywewa, wakaiuze wenyewe. Nia hiyo ni njema, lakini gharama ya kukosea viza ni kubwa. Nauli, ada na mtaji hupotea, na kihamba kilichouzwa ili kupata fedha hizo si rahisi kurudi mikononi mwa ukoo.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kutofautisha ruhusa ya kuingia, ya kukaa na ya kufanya biashara. Kutambua viza isiyolingana na kusudi lake. Na kumhoji wakala kabla ya kumlipa.

1. Ruhusa tatu zisizofanana

Ruhusa ya kwanza ni ya kuingia nchini. Viza, kwa maana yake ya msingi, humwezesha msafiri kufika mpakani au kiwanja cha ndege na kuomba aingie. Ruhusa ya pili ni ya kukaa, nayo huwa na idadi ya siku au miaka. Ruhusa ya tatu ni ya kufanya kazi au biashara, na mara nyingi huandamana na leseni ya shughuli yenyewe. Katika baadhi ya nchi ruhusa hizi hutolewa kwa pamoja. Katika nyingine kila moja huombwa katika ofisi yake.

Cheti cha kusajili kampuni hakimo katika orodha hiyo. Kampuni ikisajiliwa, kilichozaliwa kisheria ni kampuni. Mwenye kampuni bado ni mgeni. Nchi nyingi humruhusu mgeni kumiliki hisa bila kumruhusu kusimama dukani na kuuza.

Ili kuijua viza inayokufaa, jiulize swali hili: nikiwa huko, nitafanya nini kila siku, na nani atanilipa? Anayenunua bidhaa na kurudi nazo Moshi hulipwa na wateja wa Moshi. Anayefungua duka huko hulipwa na wateja wa huko. Wa kwanza kwa kawaida ni mgeni wa biashara. Wa pili ni mkaazi anayefanya kazi, na viza zao hazifanani.

2. Kununua bidhaa si kufungua duka: mfano wa China

Wafanyabiashara wengi wa Tanzania huufahamu mji wa Guangzhou, ambako maonesho makubwa ya biashara yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1957. Viza inayowahusu wanunuzi ni ya daraja M. Mwenye viza hiyo hutembelea viwanda, hujadiliana bei na kununua bidhaa. Haimruhusu kuajiriwa. Anayekwenda kufanya kazi huomba viza ya daraja Z, kisha huomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 baada ya kuingia.

Sheria ya China ya uingiaji na utokaji, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, imeweka adhabu bayana. Anayepitisha muda wa kukaa aweza kutozwa yuan 500 kwa kila siku hadi kufikia yuan 10,000, au kuwekwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15. Anayefanya kazi bila kibali hutozwa yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huongezewa kizuizi. Aidha, mgeni asiyelala hotelini anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Wakala anayemwambia mteja aingie kwa viza M, afungue duka, na mengine yatafuata baadaye, anamwelekeza kwenye adhabu hizo.

3. Mlango wa karibu: Kenya

Kutoka Machame hadi mpaka wa Holili na Taveta, kupitia Moshi na Himo, ni safari ya asubuhi moja. Mtanzania haihitaji viza kuingia Kenya. Wengi hufikiri, kwa sababu hiyo, kwamba hawahitaji ruhusa nyingine yoyote, na hapo ndipo hukosea.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua katika ibara ya 13 haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha biashara katika nchi mwanachama nyingine. Haki hiyo hutumiwa kwa kufuata taratibu za nchi mwenyeji. Tuchukue mfano wa mkulima wa Nkweseko anayetaka kufungua duka la kukaanga na kuuza kahawa Nairobi. Atahitaji kusajili biashara, kupata namba ya mlipakodi, leseni ya kaunti, na kibali cha uhamiaji kwa anayejiajiri mwenyewe. Kwa wageni wenye biashara zao, Kenya hutoa kibali cha daraja G. Masharti yanayomhusu raia wa Afrika Mashariki aulize Idara ya Uhamiaji ya Kenya kabla ya kulipia pango la duka.

Wafanyabiashara wadogo wa mpakani hutumia pia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho kinafaa sana, lakini ni cha mzigo, si cha mtu. Kinaondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazostahili. Hakimpi mwenye mzigo ruhusa ya kufungua duka Taveta.

4. Nchi za mbali

Uingereza humruhusu mgeni wa kawaida kuhudhuria mikutano, kujadiliana na kutia saini mikataba. Haimruhusu kujiajiri huko wala kuwauzia wananchi bidhaa moja kwa moja. Anayetaka kuanzisha biashara hutazamia viza iitwayo Innovator Founder, iliyoanza tarehe 13 Aprili 2023. Mwombaji hutakiwa kuidhinishwa na taasisi iliyokubaliwa na serikali yao, baada ya kuonesha kuwa wazo lake ni jipya, linatekelezeka na linaweza kukua. Duka la kahawa lisilo na jambo lolote jipya si rahisi kukidhi sharti hilo, hata mwenyewe awe na mtaji mkubwa.

Kuhusu Marekani, baadhi ya mawakala hutangaza viza ya mwekezaji iitwayo E-2. Viza hiyo hutolewa kwa raia wa nchi zenye mkataba maalumu na Marekani, na Tanzania haimo. Anayemtoza Mtanzania fedha kwa ajili ya E-2, kwa pasipoti ya Tanzania pekee, anauza kitu kisichokuwepo.

Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi. Mwanzilishi hupata kwanza leseni ya biashara, kisha kupitia leseni hiyo huomba ukaazi. Asome vizuri leseni hiyo inahusu shughuli gani na eneo gani, kwa kuwa leseni ya eneo huru haimpi moja kwa moja haki ya kufungua duka popote Dubai.

5. Biashara zilizotengwa kwa wenyeji

Mwezi Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, uongozaji wa watalii na ununuzi wa mazao shambani. Mkazi wa Machame, anayeishi karibu na lango la kupandia mlima, anaelewa upesi kwa nini kazi hizo zimelindwa. Na aelewe vilevile kwamba nchi nyingine hufanya hivyo. Oman, kwa mfano, ina orodha ya shughuli zilizotengwa kwa raia wake. Kabla ya kuuliza viza, uliza kwanza kama mgeni anaruhusiwa kufanya biashara hiyo.

6. Mali isiyoonekana benki

Utajiri wa familia nyingi za mlimani umo katika kihamba, ng'ombe na akiba ya kikundi. Afisa wa viza havioni vitu hivyo. Huona taarifa ya benki. Katika viza ya Uingereza iliyotajwa juu, mwombaji aliye nje hutakiwa kuonesha angalau pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Fedha nyingi zikiingia ghafla bila maelezo huzua shaka. Basi pitisha mapato yako benki au SACCOS mapema, na tunza stakabadhi za mauzo ya kahawa na hati za mkopo. Usiuze ardhi kabla ya kuthibitisha kwamba njia unayoitaka ipo na unastahili kuipita, kwa kuwa ada ya maombi kwa kawaida hairudishwi hata ombi likikataliwa.

7. Kabla ya kumlipa wakala

Mlaji wa huduma ya wakala ana haki ya kupata maelezo ya kweli. Zingatia haya:

(a) Dai jina kamili la viza kwa maandishi, kisha lilinganishe na tovuti rasmi au ubalozi wa nchi husika.
(b) Dai mkataba unaotenganisha ada ya serikali na malipo ya wakala, na stakabadhi kwa kila malipo.
(c) Mkimbie anayekuhakikishia viza. Uamuzi ni wa nchi mwenyeji, si wake.
(d) Soma fomu yote kabla ya kutia saini. Uongo ulioandikwa na wakala huhesabiwa kuwa wako. Uingereza, anayebainika kutumia hati za uongo au udanganyifu aweza kukataliwa viza kwa miaka 10.
(e) Usiache pasipoti kwa mtu bila hati ya mapokezi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma. Aliyepotoshwa apeleke malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na mkataba na stakabadhi. Aliyetapeliwa aripoti pia polisi.

Maswali ya kujipima

1. Kampuni yako imesajiliwa Nairobi. Je, waweza kuanza kuuza dukani kesho?
2. Wakala anasema viza M yatosha kuajiriwa Guangzhou. Utamjibu nini?
3. Ni jambo gani la kuthibitisha kabla ya kuuza sehemu ya kihamba?

Majibu: (1) La, kibali cha uhamiaji na leseni bado vinahitajika. (2) Viza M ni ya shughuli za kibiashara za mgeni. Anayeajiriwa huhitaji viza Z na kibali cha ukaazi. (3) Kwamba biashara hiyo inaruhusiwa kwa mgeni, kwamba viza yake ipo kwa raia wa Tanzania, na kwamba wewe unatimiza masharti yake.