Gemu Imesasishwa, Sasa Inaomba Ruhusa: Soma Kabla ya Kubonyeza "Nakubali"

Umesasisha gemu yako, unaifungua ucheze kidogo ukingoja matatu ijae, halafu ujumbe mrefu unatokea. Kitufe cha "Nakubali" ni kikubwa na kina rangi. Cha kukataa ni kidogo, au kimefichwa ndani ya "Chaguo zaidi". Wengi wetu hubonyeza kile kikubwa ili tuendelee. Je, tunakubali nini hasa?

Ridhaa ya matangazo

Gemu nyingi za bure huendeshwa na pesa za matangazo, na mtangazaji hulipa zaidi akijua anamwonyesha nani. Ndiyo maana gemu inataka kujua aina ya simu yako, mahali ulipo na matangazo unayobonyeza. Taarifa hizi huunganishwa kupitia kitambulisho cha matangazo, yaani nambari maalum iliyo ndani ya simu yako. Ukikataa, matangazo hayaishi, ila hayakulengi wewe binafsi. Mara nyingi gemu itaendelea kuchezeka vilevile.

Ruhusa ya simu ni jambo lingine

Ruhusa hufungua mlango wa kuingia kwenye simu yenyewe: SMS, nambari ulizohifadhi, kamera. Hapa ndipo pesa zako zinapoguswa. SMS zako zinaonyesha salio, umemtumia nani, kiasi gani, na hata nambari za kuthibitisha akaunti. Anayejua salio lako limeisha anajua pia ni lini tangazo la mkopo wa haraka litakuvutia. Gemu ya kupanga peremende haina haja ya kusoma SMS. Ikiomba, kataa. Ikigoma kufunguka, ifute.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa yako iwe ya wazi, ya hiari, na uitoe ukijua inahusu nini. Anayekusanya data ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ulikubali, na unaweza kubadilisha nia wakati wowote. Kwa data ya mtoto, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Kwa hivyo kama watoto huchezea simu yako, pitia wewe mwenyewe jumbe hizi kwanza.

Fanya hivi leo

1. Android: ingia Mipangilio, kisha Google, tafuta Matangazo, halafu futa kitambulisho cha matangazo. iPhone: ingia Mipangilio, kisha Faragha, kisha Ufuatiliaji, na uzime maombi ya kukufuatilia.
2. Kwenye Mipangilio, fungua Programu, chagua gemu, kisha Ruhusa. Ondoa SMS na nambari ulizohifadhi.
3. Usiache kusasisha, kwa sababu masasisho huziba mianya ya usalama. Lakini sasisha kupitia Play Store au App Store pekee, si kupitia linki uliyotumiwa WhatsApp.
4. Tangazo likikuomba PIN, huo ni ulaghai. Na ombi la malipo likitokea kwenye simu ilhali hujanunua kitu, lighairi.

Umekataa na bado data yako inatumiwa? Una haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Piga picha ya skrini ya ujumbe ulioonyeshwa na uihifadhi, itakusaidia kueleza kilichotokea.